Damu Haifanyi Mtihani

Walisema sitawahi kununua wembe. Nakumbuka jinsi mzee mmoja alivyolitamka sokoni Butere, mbele ya mama yangu aliyekuwa akiuza mboga: "Hawa wako wawili, mama, wembe watanunua wa kukatia kucha tu." Watu wakacheka. Mimi na ndugu yangu Ambetsa tulikuwa wanafunzi wa sekondari, na tulikuwa tumetoka kuugua matubwitubwi pamoja, ugonjwa uliotuvimbisha mashavu kisha ukatushukia kwenye korodani. Uvimbe uliisha. Wenzetu wakaendelea kukua, sisi tukabaki na sauti nyembamba na mashavu laini. Wakasema hatutaoa. Wakasema hatutajenga. Wakasema mimi hasa, niliyekuwa mwembamba zaidi, sitamaliza hata mwaka mmoja nje ya kijiji.

Mwanangu, sitakuficha: niliwaaibisha wote. Nilipata diploma ya umeme nikisoma jioni na kubeba mawe ya mjengo mchana. Nikaenda Uarabuni, nikafunga nyaya kwenye majengo ambayo ukiyatazama mpaka juu kofia inaanguka. Nyumba hii unayoiona ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwaka taa kijijini kwetu, na waya zake niliziweka kwa mikono hii. Huko Uarabuni ndiko daktari aliponipima damu akaniambia kwamba mwili wangu hautengenezi homoni ya kiume ya kutosha, ile inayoitwa testosteroni, na kwamba inaweza kurudishwa kwa sindano. Nilinunua wembe nikiwa mtu mzima, na ninao mpaka leo.

Niliporudi, jambo la kwanza nilimchukua Ambetsa nikampeleka kliniki mjini Kakamega. Yeye, mtu wa maneno machache, kofia imeshuka usoni, alikuwa amebaki na miwa ya baba yetu marehemu. Daktari alikuwa mama mmoja asiyependa haraka. Alimpima asubuhi, akamwita tena asubuhi nyingine ili awe na uhakika, ndipo akamwandikia sindano kama zangu. Akatukalisha sote wawili.

"Nikiwaita kupima damu, mje siku niliyoiandika mimi, kati ya sindano moja na nyingine," alisema. "Ukipimwa mara tu baada ya sindano, utaona namba kubwa, na itakudanganya. Na msisome testosteroni peke yake. Mimi natazama pia kama damu inakuwa nzito, natazama tezi dume, natazama presha. Tumesikizana?"

Tukaitikia. Mimi niliitikia kwa sauti kubwa zaidi, tena kwa Kiingereza.

Sasa sikiliza kosa letu, maana sidhani lingewapata watu wa nyumba nyingine. Kwetu matokeo ni matokeo. Baba alipokuwa hai, ripoti za shule zilisomwa sebuleni kwa sauti, ingokho, yaani kuku, akachinjwa, na aliyeongoza akapewa firigisi, ambayo siku nyingine zote ni ya mwenye nyumba na haiguswi na mtoto. Aliyefuata alikula shingo. Miaka yote ya shule mimi nilikula firigisi, Ambetsa akala shingo ya kuku. Kwa hiyo karatasi zetu za kwanza za damu zilipotoka tukiwa pamoja kwenye dawa, unadhani tulifanya nini? Mama alichinja kuku. Nikasimama, nikasoma.

Namba yangu ilikuwa kubwa kuliko ya Ambetsa. Zote mbili zilikuwa ndani ya kiwango kilichochapishwa pembeni, maana yake dawa ilitutosha sote na hapakuwa na wa kwanza wala wa pili. Nilikiona kiwango hicho. Sikukisoma kwa sauti.

"Injinia ameongoza tena," nikasema, na mkono tayari uko kwenye sahani.

"Ngoja mwisho wa muhula," Ambetsa akajibu, akiitafuna shingo.

Tulicheka, hata yeye. Mjomba Makokha, ndugu yake mama, ndiye ambaye hakucheka. Aliweka chini tonge lake la obusuma, ugali wetu, akatutazama kama wageni.

"Nyinyi baba yenu amekufa na bado mnamsomeanga matokeo?"

"Mjomba, hii ni sayansi," nikamwambia.

"Sayansi inakula firigisi?"

Nilimwona mshamba. Nilikuwa na diploma, nilikuwa nimepanda ndege, na ndevu zangu zilikuwa zimeota. Lile swali lake nililitupa nje pamoja na mifupa.

Kuanzia hapo Ambetsa alibadilika. Alipata mtu wa kumuuzia sindano bila karatasi ya daktari, akawa anajidunga zaidi ya alivyoandikiwa. Kliniki aliacha kwenda, kwa sababu kule daktari alipima mambo mengi na kuuliza maswali mengi. Akatafuta maabara ndogo ya kumpima testosteroni tu, na alikwenda siku iliyofuata sindano, namba ikiwa juu kabisa. Alijua anachofanya. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani.

Jumapili moja alikuja kwangu, kifua kimejaa, uso umeiva, jasho linamtoka kwenye kivuli. Akaniwekea karatasi mezani.

"Soma, Injinia. Soma kama ulivyozoea."

Namba ilikuwa imekipita kiwango kwa mbali, na kando yake paliandikwa herufi H.

"Hiyo H ni ya nini?" akauliza, na alijua.

"Ni kwamba iko juu."

"Juu ya nani?"

Nikaikunja karatasi.

"Juu yako," akasema. "Chinja kuku."

Mwanangu, hapa sikiliza vizuri. Mimi H hiyo nilikuwa nimekwisha kukutana nayo. Wakati Ambetsa amekwisha kuacha kliniki, karatasi yangu ilirudi na H kwenye mstari wa hematokriti, ule unaoonyesha damu imebeba chembe nyekundu kiasi gani. Daktari alinieleza kwamba dawa hii inaweza kuufanya mwili utengeneze chembe nyingi mno, damu ikawa nzito, na damu nzito inaweza kuganda mahali pasipotakiwa. Akanipunguzia dozi. Namba yangu ya testosteroni ikashuka, na mimi nikawa mzima. Sikumwambia mtu. Nilihisi nimerudishwa darasa.

Ningeweza kuitoa karatasi yangu kabatini siku ile, nikamwambia, "Tazama, hata mimi nilishikwa, twende kesho kwa daktari." Yalikuwa maneno ya dakika moja. Nilichinja kuku. Nikampa firigisi, akaila akinitazama machoni, mara yake ya kwanza kuionja tangu tuzaliwe. Alilalamika kichwa kinamgonga. Nikamwambia ni jua la shambani.

Alianguka kwenye miwa, wakataji wakiwa wanapakia trela. Wao ndio waliomkimbiza hospitali. Kiharusi. Upande wote wa kulia ulikufa, na ulimi ukawa mzito. Daktari wa kule alisema damu ilikuwa nzito kupita kiasi na presha iko juu, na hawezi kuapa ni kipi kilichotangulia kingine. Yule mama wa kliniki alipopata habari alikuja wodini. Alipekua karatasi za Ambetsa, akauliza, "Nani alikuwa akimsomea?" Mama yangu aliangalia sakafu. Mjomba Makokha aliniangalia mimi.

Wale wa sokoni nao hawakukosa la kusema. Walisema ni ndevu za kununua zilizomwangusha. Hilo ni uongo. Mimi natumia dawa hiyohiyo mpaka leo, kwa kipimo, na ninapanda ngazi kufunga taa kama kijana. Lakini nikiwajibu hivyo wananiuliza kwa nini basi ndugu yangu yuko kwenye kiti cha magurudumu.

Ambetsa anaishi nami. Mwaka jana Mama alichinja kuku, na nikaona siku ya kulipa imefika. Nikaitoa ile karatasi yangu ya zamani, nikasimama mahali baba aliposimama, nikaisoma yote: testosteroni, kiwango chake, hematokriti, H, dozi kupunguzwa. Kisha nikaweka firigisi kwenye sahani ya ndugu yangu. Akaisukuma kwa mkono wa kushoto mpaka ikafika mbele yangu, akachukua shingo.

"Ulikuwa... unajua," akasema.



Basi, mwanangu, wewe uliyeanza sindano hizi, na wewe unayezipigia hesabu kwa siri, chukua hili kwangu bure. Karatasi ya damu haikupi nafasi darasani. Isome na daktari, mstari kwa mstari, na kiwango cha pembeni ukisome kwa sauti hata kama hakikupendezi. Nenda siku uliyopangiwa. Usijiongezee dawa ili namba ipande, wala usiiache ghafla kwa hofu, uliza. Kama unataka watoto, mwambie daktari kabla ya kuanza, kwa sababu sindano hizi zinaweza kuzima mbegu ulizo nazo. Ukiumwa kichwa, ukiishiwa pumzi, mguu ukivimba, usingoje siku ya kliniki. Na ukiona H, au herufi yoyote iliyowekwa kando ya namba, jua unaitwa kwa daktari.

Mungu akupe afya ambayo huna haja ya kumwonyesha mtu. Akupe maisha marefu na wembe wako mwenyewe. Na kama una ndugu, akupe kinywa cha kumwambia ukweli kabla kuku hajachinjwa.