Miaka Sitini ya Kutafuta Karamu

Saa mbili asubuhi Zipporah Nabwire analamba ncha ya uzi, anautia kwenye sindano nene na kuanza kushona Biblia iliyochanika mgongo. Kibanda chake kiko nyuma ya soko la Kakamega. Siku njema hushona vitabu vinne, shilingi mia na hamsini kila kimoja.

Kitabu kimoja tu amekihifadhi kama kilivyo. Ni cha katuni, kilichapishwa wakati wa vita vikuu, na baba yake, Khaemba, aliyekuwa dereva wa jeshi, alirudi nacho kutoka Burma. Hadithi ni ya mpelelezi mnene anayeogopa kuku, akisaka ramani iliyoibwa melini.

"Baba alikuwa anatusomeanga ukurasa mmoja kila Jumapili," anasema Zipporah, sasa mwenye miaka sabini na moja. "Mimi na dada yangu Pascalia tulicheka mpaka mbavu zikauma."

Mzee alifariki kabla ya kuwasomea mwisho. Siku ya mazishi, waliokuja kupika walichana ukurasa wa mwisho wakawashia moto. Hawakujua. Kwenye ukurasa uliotangulia, Khaemba alikuwa ameandika kwa penseli: "Ramani iko kwenye karamu."

Basi kwa karibu miaka sitini Zipporah amepekua kila furushi la karatasi kuukuu akitafuta nakala nyingine yenye picha ya karamu: meza, wageni, ingokho, yaani kuku, kwenye sahani. Pascalia, anayeishi Lumakanda na macho yamemfifia, hupiga simu kila mwezi kuuliza neno moja: "Umeipata?"

Mwezi uliopita mteja wake, Mzee Makhanu, alikuja kuchukua kitabu cha nyimbo. "Mama, nipatie karamu niandike jina," akasema.

Zipporah akampa kalamu. Kisha akaketi.

"Baba naye alisemanga hivyo hivyo. Huku wengi tunasema hivyo," anaeleza, akifunua katuni. Mpishi wa meli ana kalamu nene mfukoni, tangu ukurasa wa tatu. "Ilikuwa hapa tu, jameni. Natamani nimpate baba dakika moja, nimwambie nimeelewa."

Furaha yake ina kidonda. "Nikitafuta, nilikuwa naye. Sasa nitatafuta nini?"

Jumapili hii ataenda Lumakanda kumsomea Pascalia mwisho wa hadithi. Amekata karatasi nyeupe, ataishona mahali palipochanwa, amchore mpelelezi akiifungua kalamu ya mpishi. Je, atasahihisha maandishi ya baba?

"Nisahihishe nini? Nami nitaandika karamu," anasema. "Na meza nitaichora, na ingokho juu yake. Pascalia ameingoja sana hiyo karamu."