Shuka Nilizofulia Kituku

Kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu. Volkano ilikuwa imeunguza mabomba, waasi walikuwa wanatawala mji, na sisi watu wa Goma tulichota maji ziwani, pale Kituku. Kipindupindu kikaingia. Mimi nilikuwa binti wa labo ya hospitali, kazi yangu kupima vinyesi, nina bluzi nyeupe na kiburi cha kutosha.

Mama mudogo, aliyenilea kwetu Murara, akashikwa nacho. Nikafulia shuka zake ziwani, haraka haraka, watu wasijue ugonjwa umeingia kwetu. Nilijiambia vidudu vya kipindupindu vinaishi mule ziwani siku zote, hivi vyangu vitaongeza nini? Jirani yetu Mama Asha akaja na bido yake ya kuchotea maji, akajaza karibu yangu, akaniuliza habari za nyumbani. Nikamjibu nzuri tu.

Kesho yake jioni kaka yake akamleta Mama Asha hospitalini mgongoni, kipindupindu kimemshika.

Nilimweleza yote Papa Saidi, muzee wa labo. Hakufoka, aliendelea kufuta kioo cha darubini. Akanifundisha kwamba kidudu kina maagizo mengi ndani yake, ndiyo jeni, na hakiyafuati yote kwa wakati mmoja. Ziwani, maagizo ya kutengeneza sumu kinayafunga. Kikifika tumboni mwa mutu, kinatambua mahali kilipo, kinayafungua. Na kikitoka, kwa saa kadhaa kinabaki tayari kwa tumbo lingine, hata vichache vinatosha kumwangusha mutu.

“Cha ziwani na ulichofua ni kidudu kilekile,” akasema, “lakini chako kilikuwa kimetoka kazini sasa hivi. Na wewe, binti yangu, ulikuwa na mdomo wa kumwonya.”

Mama mudogo alipona. Mama Asha alikufa siku ya tatu. Siwezi kuapa kwamba ni shuka zangu, maana kila mutu alichota pale. Lakini nilimwona akijaza, nikamficha kwa aibu. Bado inaniuma.

Basi mwanangu, ukiuguza mutu wa kipindupindu, shuka zake ziloweke kwanza kwenye javeli, ile dawa ya klorini ya kuua vidudu, mbali na maji ya watu. Maji ya kunywa yachemshe, hata yakionekana safi. Na jirani akikuuliza habari za nyumbani, mwambie. Mungu akupe afya, akupe na uso mkavu wa kusema kwetu kuna ugonjwa, kabla bido ya mwenzako haijajaa.