Kengele ya Msiba Usiokuwepo

Jamani, hili nawasimulia huku nimeinamisha uso, maana hata leo nikipita sokoni Babati kuna wanaonitazama kwanza ndipo waitikie salamu.

Kanisa letu la Kipresbiteri mnalijua, lile kongwe la mawe pale mjini, lenye milango miwili, mmoja wa wanaume na mwingine wa wanawake (siku hizi tunaingia popote), na mnara wa kengele ambao babu zetu waliujenga kwa mawe waliyoyabeba kichwani kutoka Sigino. Basi kamati ya ujenzi ikataka kuubomoa huo mnara ili zijengwe fremu za maduka, na mimi kwa kiherehere changu nikajitolea kuutetea. Jumamosi moja nikawazungusha wanakamati, nikawaonyesha madirisha membamba na kenchi za paa za mbao ya mninga, nikasimulia mpaka koo likakauka. Mwenyekiti akapiga miayo, akasema, "Mama Joshua, kila mtu ana simu. Kengele nani anaisikiliza tena?"

Hapo hasira zikanipanda. Badala ya kumsubiri mpiga kengele, nikaishika kamba mwenyewe. Sasa kwetu kengele ya ibada hupigwa harakaharaka, ya msiba hupigwa moja, kimya, moja, kimya, na mimi hilo nalijua tangu utotoni, ila kamba ile ni nzito, nikivuta mara moja lazima nihemee pembeni ndipo nivute tena, basi ikalia kama ya msiba.

Tukiwa bado tunabishana, wanawake wakaanza kuingia uani wamejifunga kanga, huyu na unga, yule na kuni, bodaboda zikishusha wengine kutoka Singe, wote wakiuliza ni nani aliyefariki. Nyuma yao akaja Mama Neema, muuza samaki, anakimbia peku, na mumewe alikuwa amelazwa hospitali. Akanishika mikono. "Mbona mmepiga kengele kabla hamjaniambia mimi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni mimi tu na ubishi wangu. Akaketi kwenye ngazi akalia, na mimi nikalia pembeni yake. Mnara haukubomolewa (mwenyekiti alijionea mwenyewe kengele bado inasikilizwa), lakini furaha yake sikuipata.

Jioni nikampelekea Baba Neema uji wodini, nikamwomba radhi. Alinitazama weee, kisha akauliza, "Walikuja wengi?"

"Ua ulijaa, Baba Neema."

Machozi yakamlengalenga, halafu akaomba kikombe cha uji, yeye aliyekuwa hataki kula. Mimi tangu siku ile historia ya kanisa naisimulia kwa mdomo tu, mikono nimeifunga nyuma.