Ijumaa ya Lupesina

Mdogo wangu Lupesina alizaliwa Pago Pago, mji wa kisiwa jirani, Ijumaa tarehe 30 Desemba 2011. Huku kwetu Apia siku hiyo haikuwepo: nchi yetu ilihamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, Pago Pago wakabaki, nasi watu wakalala Alhamisi wakaamka Jumamosi. Tulizoea kumtania kwamba hakuzaliwa. Kisha kompyuta ya zahanati nayo ikasema hivyohivyo, na utani ukaisha.

Moyo wa Lupesina unalindwa na sindano ya penisilini kila mwezi. Alikuwa amehamia kwetu Apia karibuni, na mtoto asiyesajiliwa hapewi dawa kutoka stoo. Muuguzi Sieni alijaza kila kitu, programu ikajibu, "Taarifa si sahihi." Akarekebisha jina, simu, kijiji. Jibu lilelile. Akafikiria kuandika tarehe 31, lakini mama akakataa, maana faili lake la matibabu la Pago Pago lingeonekana la mtoto mwingine. Na sindano ilikuwa imeshachelewa.

Sieni akampigia simu Fetuao, aliyeiandika programu hiyo. Alifika na kikombe cha kakao mkononi.

"Dada, mashine yako inamkana mtoto niliyemshika mkono," Sieni akamwambia.

Fetuao alipekua kazi yake. Kisha akatueleza kwamba kompyuta ilijua vizuri kuwa siku ile haikuwepo Apia, na ilisema. Ila yeye, kwa haraka, alikuwa ameyanasa makosa yote kwa mtego mmoja na kuyapa sentensi moja, ile ya "Taarifa si sahihi."

Akakaa palepale, akaunda ndani ya programu kosa mzazi, yaani aina kuu ya makosa, akaliita KosaLaIngizo, na chini yake makosa madogo yenye majina yao: JinaTupu, SimuFupi, SikuHaikuwepo. Kila moja lilibeba kilichoandikwa, mahali kilipoandikwa, na la kufanya. Akaongeza nafasi ya mahali pa kuzaliwa, ili tarehe ipimwe kwa kalenda ya huko.

Sieni akajaribu tena, programu ikajibu, "Tarehe 30 Desemba 2011 haikuwepo Apia. Kama mtoto alizaliwa kwingine, chagua mahali." Akachagua Pago Pago. Usajili ukapita, dawa ikatoka.

"Sasa hapo imesema kama mtu," Sieni akasema.

Programu inayomwambia mtu amekosea bila kumwonyesha wapi inamdhulumu, na wa kwanza kuumia ni mgonjwa. Fetuao aliliona hilo, akalitengeneza bila kutafuta wa kumlaumu. Namshukuru hadi leo. Mama humpelekea mikate ya nazi kila Jumapili baada ya kanisa.

Lupesina tu ndiye hajashukuru. Anasema, kwa sindano ile, afadhali angebaki hajazaliwa.