Nukta Namba Thelathini na Moja

Jamani, mkiniona nacheka msidhani nimesahau ile aibu, nacheka kwa sababu njia nyingine zote za kujificha nilishazimaliza. Wenzenu wakifumaniwa hufumaniwa na watu; mimi nilijifumania mwenyewe, kwa projekta, tena ya kuazima, mbele ya kijiji kizima na baba mkwe (ambaye siku hiyo alikuwa bado si mkwe, na kwa dakika kadhaa nilikuwa na hakika hatakuja kuwa).

Iko hivi. Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilikuwa natafiti watu wanaohama mjini kwenda kuishi vijijini, na badala ya kugonga milango na madodoso nikaamua kuwafuata mitandaoni: mtu anakubali kwa maandishi, mimi naangalia picha anazoposti zimepigwa wapi na saa ngapi, kompyuta inafuta jina, inampa namba, na kwenye ramani anageuka nukta nyekundu. Leo nukta iko Levolosi, mjini kwenye makelele, mwezi ujao iko shambani inafuga kuku. Niliipenda kazi ile, msinione hivi. Sasa msimamizi wangu, mama mmoja mkali asiyependa pengo kwenye jedwali, alishaidhinisha watu thelathini na moja, halafu siku mbili kabla ya kufunga data mmoja akajitoa, eti mke wake ameanza kuuliza maswali. Nikafanya nini mimi? Nikachukua fomu, nikajiomba ruhusa, nikajipa, nikasaini pande zote mbili, nikajiingiza. Kompyuta ikachanganya namba, mitihani ikaja, nikasahau kabisa.

Hapo lazima niwaambie habari za Neema. Neema alikuwa nesi mjini, akaacha kazi, akarudi kwao upande wa magharibi wa Mlima Meru kufuga ng'ombe wa maziwa na baba yake, na mimi, Mchaga wa Engutoto, mtoto wa mjini nisiyejua ng'ombe anakamatwa wapi, nikawa napanda kumwona kila Jumamosi. Kwao ni Waarusha, Walutheri wa kukaa benchi la mbele, na kijana hakanyagi boma la binti kabla wazee wake hawajapeleka barua ya posa, hilo halina mjadala. Lakini Jumamosi Baba Neema huenda mnadani na mbuzi wake, na Mama Neema ana mazoezi ya kwaya, kwa hiyo nilikuwa nafika saa tano, namsaidia Neema kukata majani ya ng'ombe (majani kweli, acheni kunitazama hivyo), napiga picha mlima, naposti, na ikifika saa kumi nimeshapotea. Barua ilikuwa ipelekwe na baba yangu mdogo Jumamosi iliyokuwa inakuja. Mama msimamizi naye akasema matokeo yarudishwe kwanza kwa wanakijiji, Alhamisi ya wiki hiyohiyo, na kijiji alichochagua, kwa sababu nukta zilikuwa nyingi huko, kilikuwa hichohicho cha kina Neema.

Mimi nikafurahi, mwone huyo mjinga. Nikasema mzee ataniona nimevaa tai, naongea mambo ya kisomi, Jumamosi barua ikifika ananikumbuka kwa wema. Nikafika ukumbi wa kanisa mapema, nikamwamkia Baba Neema shikamoo ya kuinama mpaka miwani ikadondoka, akaitikia marahaba na kunisaidia kuiokota. Neema alikuwa nyuma anagawa chai, anajifanya hanijui, na mimi najifanya simjui, tukapokezana kikombe kama watu wa benki.

Kazi ikaenda vizuri kupita kiasi. Watu wanacheka, mama msimamizi anatikisa kichwa kwa kuridhika, nikalewa sifa. Nikasema, "Wazee wangu, mfano bora ni huyu namba thelathini na moja. Kila Jumamosi anatoka mjini, anafika hapa kijijini saa tano, anaondoka saa kumi, hajakosa hata wiki moja. Huyu ni mtu aliyeipenda ardhi."

"Ameandika nini?" akauliza mwenyekiti wa kijiji.

Nikafungua, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji: "Hewa safi, akili imetulia." Na nikiwa nimefika kwenye "imetulia" nikayatambua maneno yale, niliyaandika mimi, nimeegemea zizi la Baba Neema.

"Hebu vuta karibu tuone ni wapi," akasema mwenyekiti.

Nikasema mtandao ni dhaifu. Mama msimamizi akasema hapana, uko vizuri, akanyoosha mkono akabonyeza mwenyewe. Picha ya setilaiti ikaanza kufunguka vipande vipande, taratibu, kila kipande kinanimaliza: kwanza njia ya kwenda kisimani, halafu migomba, halafu kona ya bati, na bati lilikuwa la bluu. Kijiji kile kina bati la bluu moja tu. Neema akaweka birika chini, akajifunika uso kwa kanga.

"Hapo si kwa Baba Neema?" akauliza mama mmoja mbele, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujua.

Watu wote wakageuka kumtazama mzee. Baba Neema akaangalia ramani muda mrefu, akaniangalia mimi, akaangalia jasho langu.

"Ero," akaniita kama anavyoitwa mtoto wa kiume kwao, "nilikuwa najiuliza kwa nini mbwa wangu habweki tena Jumamosi. Na kwa nini amenenepa."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko, hata mchungaji aliinamia Biblia mabega yanatikisika. Mzee yeye hakucheka. Akachukua fimbo yake, akatoka, na kile kicheko kikakatika.

"Namba thelathini na moja ni nani?" mama msimamizi akaninong'oneza.

"Ni mimi, mwalimu."

Akavua miwani. Niliogopa kumpoteza Neema kuliko nilivyoogopa kufeli, nawaambia ukweli, nilikunja nyaya za projekta huku macho yamejaa machozi.

Ijumaa Neema akapiga simu. "Baba anasema barua ije, na kijana mwenyewe aje, ila asilete ramani. Hasemi kingine. Anacheka peke yake zizini, mimi naogopa."

Jumamosi tukaenda. Baba mdogo, mfanyabiashara wa vipuri anayejiona mshenga wa kimataifa, sikuwa nimemwambia lolote, akaanza hotuba: kijana wetu ni mpole, mwenye heshima, hajawahi kukanyaga hapa. Mbwa akaingia. Akampita baba mdogo, akawapita wazee wote, akaja kulala juu ya viatu vyangu na kunifumbia macho.

Mzee akamwita binti yake, akamwuliza kama ilivyo desturi, "Neema, unawafahamu wageni hawa?"

"Namfahamu yule wa pembeni," akasema bila hata kutabasamu. "Ni namba thelathini na moja."

Mzee ndipo akacheka, akacheka mpaka akamshika baba mdogo begani, na baba mdogo akacheka pia bila kujua anacheka nini. Barua ikapokelewa. Juu yake nikapigwa faini ya kondoo mmoja kwa kukanyaga boma kabla ya wakati, na kusafisha zizi kila Jumamosi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Mama msimamizi alinifuta kwenye utafiti, pembeni akaandika kwa kalamu nyekundu, "Huyu hakuvutwa na kilimo." Nami nimeapa sitajihesabu tena ndani ya kazi yangu mwenyewe, hata pengo liwe kubwa namna gani, na kwenye simu nimezima kila kinachoonyesha nilipo. Isipokuwa Jumamosi. Jumamosi mzee mwenyewe hunipigia alfajiri kunikumbusha niwashe, ili ajue nimefika wapi na zizi lake.