Mama Vali na Wifi Yake

Mafundi wa karakana ya meli walimwita Mama Vali, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kuchagua vali za kufungia mabomba: ya maji ya chumvi iwe ya shaba, ya mvuke iwe ya chuma, hii ifunge polepole, ile ikate mara moja. Meli ikiingia gatini na mabomba yanavuja, nahodha hakuwa na mwingine wa kumwuliza.

Basi siku moja akajichimbia kaburi mwenyewe. Alimwombea kazi mke wa kaka yake. Wifi huyo alikuwa mcheshi, tena mwepesi wa kushika mambo. Mafundi wakamwita Mama Vali Mdogo, baada ya muda wakachoka kutaja hilo "Mdogo." Hapo ndipo roho ilipoanza kumuuma mwenye jina. Kwanza wifi alimchukulia kaka, ambaye zamani hakuwa akifanya jambo bila kumwuliza dada yake. Sasa anamchukulia na vali! Wifi akicheka chumba cha pili, huku yeye anasaga meno. Wifi akisifiwa, chai inamshinda.

Kisha zikaja habari za jukwaa jipya la mafuta, huko mbali baharini. Mmoja wao angepelekwa kuchagua vali zake zote. Mama Vali alikuwa ameingoja kazi kama hiyo maisha yake yote, lakini mkuu wa karakana akasema ataamua baada ya kuona kazi ya wifi katika meli moja ya mizigo.

Katika meli hiyo Mama Vali alipima chumba cha pampu, na wifi akachagua vali ya bomba la kuzimia moto. Alichagua shaba safi, inayohimili presha, yenye mpini mrefu unaokata maji kwa robo mzunguko. Akamletea mwenzake aione.

"Wifi, hebu nitazamie, nisije nikaumbuka mbele za watu."

Mama Vali akaona kasoro papo hapo. Bomba lile lilipita karibu na ukuta, na mpini ungegota ukutani kabla ya kufika mwisho. Pale ilitakiwa vali ya gurudumu dogo. Lakini wifi alikuwa ameomba vipimo vya bomba tu. Kuhusu ukuta Mama Vali hakuulizwa, naye hakuutaja.

"Safi kabisa," akasema. "Sina la kuongeza."

Karakana ile ilikuwa na desturi yake: aliyechagua vali ndiye huifunga mara ya kwanza maji yakiwa na presha, wenzake wote wakitazama. Ikimgomea, atataniwa mpaka astaafu. Siku ya majaribio Mama Vali aliwahi, akasimama mbele kabisa ili asikose kitu.

Pampu ikanguruma. Wifi akaushika mpini, kisha akauachia.

"Hapana, jamani. Ninachokijua chote kanifundisha wifi yangu. Afunge yeye."

Mafundi wakapiga makofi. Mama Vali akasingizia bega, mara mikono ina grisi.

"Acha maringo, Mama Vali!" fundi bomba akamtania.

Akavuta. Mpini ukagota ukutani, ukagoma nusu njia, maji yakaendelea kububujika. Wakacheka mpaka wakashika mbavu, ila mkuu hakucheka.

"Bomba likipasuka safarini, hii itafungwaje? Nani alikipima chumba hiki?"

"Mimi," akasema Mama Vali.

"Na ukuta wote huu hukuuona?"

Kabla hajapata uongo wa kusema, wifi akadakia. "Kosa ni langu, mkuu. Vipimo alinipa kama nilivyomwomba. Mimi ndiye niliyepaswa kuja kuangalia kwa macho yangu."

Mkuu akamgeukia wifi. "Basi kule jukwaani utaangalia kwa macho yako," akasema, akaondoka.

Wifi akamfuata Mama Vali, akamshika mkono. "Nisamehe, wifi yangu. Nimekuaibisha mbele ya watu."

"Yamekwisha," Mama Vali akajibu, wala hakuweza kumtazama usoni. Jukwaa limekwenda, hilo alilikubali. Kilichomchoma ni kwamba wifi yule alikuwa akiomba radhi kwa dhati, na yeye hata hilo hakuliweza.