Mawese ya Kabambare Katika Majarida ya Ng'ambo

Siku ya kwanza nilipoanza kazi ya asistani, mhadhiri msaidizi, katika chuo chetu hapa Kasongo, Shefu wa Labo, msimamizi wa maabara, alinifungulia mlango akasema, "Mama, mashini iko moja tu. Ukiiharibu, sisi wote tunarudia jembe."

Mashini hiyo ilikuwa spektromita. Unatia kimiminika ndani ya kichupa, unapitisha mwanga, nayo inakuonyesha mwanga gani umemezwa na upi umepita. Kwa mtu wa fizikia ya kemia, anayechunguza chembe za vitu kwa joto na mwanga, hilo ndilo jicho lake. Umeme wetu ulitoka kwenye sahani za jua. Siku za mawingu tulisahihisha mitihani.

Nilichagua kuchunguza mawese. Wekundu wake unatokana na karotini, na karotini hufa kwenye joto. Vitabu nilivyokuwa navyo vilisema inakufa kwa mwendo mmoja. Mimi niliona miendo miwili: kwanza haraka, kisha polepole. Nikaeleza kwamba oksijeni iliyomo ndani ya mafuta ndiyo inayotangulia kuila rangi. Ikiisha, nyingine lazima iingie kutoka nje, nayo inachelewa.

Promota wangu, profesa wa jijini aliyesimamia tasnifu yangu ya udaktari, aliisoma makala niliyoandika. "Kazi iko nzuri. Lakini chini ya jina lako usiandike Kasongo, andika chuo changu. Watu wa ng'ambo watauliza Kasongo ni wapi."

"Watafungua ramani, Profesa."

Alikasirika, lakini Kasongo ikabaki.

Nikaituma kwa jarida la ng'ambo, nalo likairudisha. Mhakiki, yule mtaalamu anayeisoma kabla haijachapishwa bila wewe kujua jina lake, aliandika kwamba pengine mafuta yetu yalikuwa machafu. Nililia. Shefu wa Labo hakunibembeleza.

"Mutu anasema mafuta iko machafu. Basi muonyeshe."

Nikapanda pikipiki kwenda Kabambare kwa shangazi yangu, mkamuaji wa mawese. Mvua zilikuwa zimeila barabara. Kuna mahali mimi na dereva tuliibeba pikipiki badala ya yenyewe kutubeba. Shangazi aliposikia neno la mhakiki alishika kiuno.

"Machafu? Mafuta ya nyumba hii? Aje hapa huyo bwana nimupikie sombe, majani ya muhogo kwa mafuta haya, atalamba sahani!"

Alikamua mbele ya macho yangu. Nikachuja, nikajaza chupa, nikazifunga kwa kitambaa cheusi mwanga usiziguse. Niliporudi Kasongo nilipima mafuta yake, nikapima na ya sokoni. Yote yalionyesha miendo miwili. Safari hii makala ikachapishwa.

Kisha kimya. Vijana, mtafiti akisimama juu ya kazi yako, lazima akutaje katika makala yake. Huko kutajwa ndiko kunakoonyesha kwamba umesomwa. Mimi miaka ilipita sijatajwa na mtu. Nilipoomba kupandishwa cheo, Direkta Mkuu, kiongozi wa chuo chetu, aliniuliza mbele ya kamati, "Umeandika, ndiyo. Nani amekusoma?" Nikarudi darasani kufundisha.

Kutajwa kwa kwanza kulikuja kama kofi. Kikundi kimoja cha ng'ambo kiliandika kwamba hakikuona mwendo wa pili, na kwamba nimekosea. Nilimpelekea Shefu wa Labo makala yao. Alisoma, akacheka.

"Mama, wamekuita jina! Itika."

Nikaisoma njia yao tena na tena. Walikuwa wakipuliza hewa ndani ya mafuta muda wote! Oksijeni haikuisha, mwendo wa pili ungetoka wapi? Nikawaandikia. Wakafunga hewa, wakapima upya, na katika makala iliyofuata wakakiri waziwazi kwamba mtafiti wa Kasongo alikuwa sahihi. Tangu hapo wakaanza kunitaja wasafishaji wa mafuta, wahifadhi wa vyakula, hata watu wa rangi za nguo. Cheo nikakipata. Direkta Mkuu alikuja mwenyewe hadi labo kunipa mkono.

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana mnaniletea simu zenye hesabu ya walionitaja: "Tazama, Mama Profesa, umewapita hata wa jijini!" Najivuna, nikikataa nitakuwa mwongo. Lakini huwa nawauliza: hao walionitaja walifanya nini na kazi yangu? Wengine wanakutaja kama mtu anayekusalimia njiani bila kusimama.

Juzi nilisoma makala ya binti mmoja wa nchi ya mbali. Ameonyesha kwamba maelezo yangu yalikuwa nusu tu: ndani ya mawese mna kitu kingine kinachoikinga karotini, ndiyo maana inakufa polepole baadaye. Kitu hicho kilikuwa katika vichupa vyangu maisha yangu yote ya kazi, nami sikukiona. Nilimpigia simu Shefu wa Labo, ambaye sasa ni mzee sana.

"Wamekukosoa tena?" aliuliza.

"Hapana, Shefu. Wameanzia pale nilipoishia."

"Basi, Mama, kweli tulifanya kazi."